Maji ya tumboni msimu wa mvua

Mvua zikinyesha milima ya Uluguru, maji hushuka Bigwa, hapa Morogoro, yakiwa na rangi ya udongo, na habari za kuhara haziko mbali. Tutazame kinachotokea tumboni.

Ugali wa mchana huanza kuvunjwa mdomoni, kwa mate. Tumbo huongeza asidi. Kazi kubwa, hata hivyo, iko kwenye utumbo mwembamba. Kwa siku hupokea lita 8 au 9 za majimaji. Tulizokunywa ni kama 2 tu. Zilizobaki mwili wenyewe umezitoa, kwa mfano mate, nyongo na majimaji ya kongosho. Karibu zote hurudi kwenye damu.

Kipindupindu, kilicholipuka Dar es Salaam Agosti 2015 kisha kikafika Morogoro, huvuruga mzunguko huo bila kuutoboa utumbo. Sumu ya bakteria wake hulazimisha seli kumwaga chumvi, nayo maji huifuata. Mgonjwa mahututi anaweza kupoteza lita nzima kwa saa. Lakini mlango mmoja hubaki wazi: sukari na chumvi vikifika pamoja, utumbo huvifyonza, na maji huingia navyo. Kwa hiyo maji matupu hayatoshi. Na ile soda tunayopenda kuwapelekea wagonjwa? Sukari yake ni nyingi mno, huvuta maji zaidi utumboni.

Pakiti ya ORS, yaani mchanganyiko wa sukari na chumvi wa kutia kwenye maji, ikikosekana, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa, uvichanganye. Mnyweshe mgonjwa kidogo kidogo, hata akitapika, huku ukimkimbiza zahanati.