Ngano Iliyojificha
Mazungumzo na wazazi, kambi ya Nyarushishi, Rusizi



Leo tunaongea juu ya ugonjwa wa seliaki. Hauletwi na wadudu wala hauambukizi. Mwenye ugonjwa huu akila gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka jamaa zake, utumbo wake huharibika na chakula hakimjengi. Mtoto huharisha muda mrefu, tumbo huvimba, mwili hukonda, damu hupungua. Dalili hizi zafanana na za utapiamlo, na hapo ndipo penye hatari: mama amwona mtoto amekonda, amwongezea biskuti za msaada, kumbe nyingi zimetengenezwa kwa unga wa ngano.

Wakimbizi nao hupatwa. Mwaka 1999 madaktari walieleza kwamba kati ya watoto wa Kisaharawi karibu 1,000 waliopimwa, wakimbizi walioko Algeria, karibu 6 katika kila 100 walikuwa nao.

Daktari akithibitisha kwamba mtoto wako anao, fanya hivi:

1. Mpe ugali wa mahindi, muhogo au mtama, wali, viazi, ndizi, maharage, sombe na sambaza. Hivi havina gluteni.

2. Soma mfuko wa unga wa uji. Mwingine ni mahindi na soya, mwingine ni ngano na soya. Kwa Kifaransa tafuta neno blé au orge. Kwa Kiingereza, wheat au barley. Kama hujui kusoma, omba usomewe.

3. Usisagishe mahindi yake kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano.

4. Sambaza wake wasipakwe unga wa ngano, wala wasikaangwe katika mafuta ya mandazi. Mwiko na sufuria vioshwe kwanza.

5. Vidonge vya vitamini huweza kuwa na wanga wa ngano. Usivitupe, muulize muuguzi.

Mtoto ambaye hajapimwa asinyimwe chakula chochote cha mgao. Akiacha ngano kabla ya kupimwa, kipimo chaweza kutoonyesha ugonjwa. Tena, kuhara kwingi kambini hutokana na maji machafu. Mpe maji ya chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji, umlete kituo cha afya upesi.

Waambieni na majirani: kipande cha mandazi anachopewa mtoto huyu kwa huruma kinamrudisha nyuma.