Mguu Unaokaza Usiku Wakati wa Ujauzito

Maelezo ya muuguzi wa kliniki ya wajawazito kwa akina mama wa wadi ya Witeithie, Kaunti Ndogo ya Juja.

Nawakaribisha pia akina baba walioketi kule nyuma. Msione haya. Jambo la leo linawahusu, kwa sababu ni nyinyi mnaoamshwa nalo usiku wa manane.

Nazungumzia mguu kukaza. Umelala vizuri, saa nane za usiku unajinyoosha kidogo, mara shavu la mguu linajikunja na kuwa gumu kama jiwe. Baada ya dakika moja au mbili linaachilia, lakini asubuhi bado linauma ukikanyaga. Wengi huanza kuyaona haya kuanzia mwezi wa nne wa mimba, na huzidi katika miezi mitatu ya mwisho.

Niseme wazi kwanza: kukaza kwa namna hiyo hakumdhuru mtoto. Si dalili ya mimba kutoka, na hakuna aliyekutupia kitu. Mwili umebeba uzito mpya, tumbo linabana mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni, na misuli inachoka. Hapa kwetu inachoka zaidi. Kuna anayesimama tangu alfajiri akiuza mboga kando ya barabara kuu, kuna anayesimama kiwandani Thika, kuna anayefulia watu nguo Juja akiwa na mimba ya miezi saba. Siwezi kuwaambia muache kazi, kodi ya nyumba haingoji mtu. Lakini kreti ya soda ni kiti. Keti kidogo kila baada ya muda, inua miguu, zungusha vifundo. Na kunywa maji, hata kama choo kiko mbali. Najua ndiyo sababu wengine wenu hamnywi.

Mguu ukikukaza, usinyooshe vidole kuelekea chini. Hapo unaongeza moto. Nyoosha goti, kisha vuta vidole vije upande wako. Tumbo likiwa kubwa huwezi kuvifikia, kwa hivyo lala na leso karibu: ipitishe chini ya unyayo, shika ncha zote mbili, vuta polepole. Baba akiwepo, ashike kisigino kwa mkono mmoja na kwa mwingine asukume unyayo kuelekea kwa mama, bila nguvu za kufungua mlango. Ukiweza kusimama, shika ukuta kwanza ndipo ukanyage kisigino chote sakafuni, maana kuanguka gizani ni hatari kuliko mguu wenyewe. Ukishaachilia, unaweza kuuchua, au kuukanda kwa kitambaa cha maji ya moto kiasi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu huduma kwa wajawazito unayataja mambo haya haya: kunyoosha misuli, joto na kuchua. Unataja pia madini ya magnesiamu na kalsiamu. Tembe za magnesiamu zimechunguzwa mara kadhaa na majibu hayalingani, kwa hivyo mimi singekushauri utumie pesa ya unga kununua chupa nzima kabla hujaniuliza. Maziwa, omena, terere, managu, ndengu na uji wa wimbi vina madini hayo na vinapatikana hapa sokoni. Tembe za kuongeza damu tunazowapa endeleeni nazo, lakini si kwa chai, kwa sababu chai huzuia mwili kuzipokea. Na tafadhali, usiende duka la dawa kuomba sindano ya maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni si dawa za kujinunulia ukiwa na mimba, hasa ikishapita wiki 20, kwa sababu zinaweza kudhuru figo na moyo wa mtoto.

Jina la mtaa wetu, kwa Kikuyu, maana yake ni jisaidie. Msicheke, mnajua ninachomaanisha. Kwa hayo yote niliyosema, jisaidieni. Sasa nakuja kwa mguu ambao hufai kujisaidia nao, na hasa ndio ulionifanya niombe muda huu.

Mguu huu haukazi na kuachilia. Maumivu yanakaa, leo, kesho. Ni mmoja, mara nyingi ule wa kushoto. Umevimba kuliko mwenzake, unauma nyuma chini ya goti au kwenye paja, na ukiugusa una joto. Vitabu husema unakuwa mwekundu, lakini kwa ngozi zetu wekundu hauonekani kwa urahisi, basi tumia mkono na futi ya fundi wa nguo. Pima mashavu yote mawili ya miguu, mahali palepale chini ya goti. Tofauti ya sentimita 2 au zaidi ikuondoe nyumbani. Na hata futi isipoonyesha tofauti, maumivu yasiyoondoka yanatosha kukuleta.

Hilo huenda likawa donge la damu ndani ya mshipa. Mwanamke akiwa na mimba, damu yake huganda kwa urahisi zaidi. Ni matayarisho ya mwili ili asitokwe na damu nyingi akijifungua. Ubaya wake ni kwamba hatari ya donge huwa karibu mara tano ya ile ya mwanamke wa umri wake asiye na mimba. Wanaolipata ni wachache, mmoja au wawili katika kila 1,000. Lakini donge likikatika, husafiri hadi kwenye mapafu, na huko linaua, wakati mwingine kwa dakika chache. Hatari hiyo haiishi siku ya kujifungua. Inaendelea wiki sita baadaye, zaidi kwa aliyepasuliwa, aliyelala kitandani muda mrefu, au aliye na mtu wa familia aliyewahi kupata donge.

Kwa hivyo mguu huo hauchuliwi. Shosho zetu wana mikono mizuri nami siwadharau, lakini mguu uliovimba upande mmoja usipakwe mafuta ukakandwa. Usingoje tarehe ya kliniki iliyoandikwa kwenye kitabu cha mama na mtoto. Njoo siku hiyo hiyo; tutakuelekeza Hospitali ya Thika Level 5 ukapigwe picha ya mshipa. Dawa ipo. Ni sindano za kuzuia damu kuganda, na haziingii kwa mtoto.

Ukianza kushindwa kupumua, kifua kikachoma au ukakohoa damu, usitembee na usipande boda peke yako. Itwe gari, mwende hospitali moja kwa moja, hata kama ni usiku.

Miguu yote miwili kuvimba jioni ni kawaida. Ikija na maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, au uso na mikono kufura, hiyo ni presha, nayo pia ni ya siku hiyo hiyo. Na ambao hamjajisajili SHA, msingoje uchungu uanze ndipo mkatafute kitambulisho.

Sasa simameni mkabili ukuta, hatua moja kutoka ukutani, mikono juu yake, visigino chini, mjiegemeze polepole mpaka mhisi nyama ya nyuma inavutika. Mtafanya hivi kila usiku kabla ya kulala. Mwenye mguu mmoja uliovimba asisimame. Aketi hapo mbele, nitaanza na yeye.