Ngitili Kwanza, Shimo Baadaye
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Bariadi)



Hatukuja leo kuwalaumu wachungaji. Tumekuja kusema juu ya vilima vyetu na maji yanayoteremka kutoka huko.

Kila Msukuma aliyechunga anaijua ngitili. Mvua zikianza, mzee hufunga kipande cha malisho; kiangazi kikikaza, ndama na maksai wa jembe hupelekwa humo. Hiyo haikuletwa na mtaalamu wa ng'ambo. Ni akili yetu wenyewe.

Wakoloni hawakuitaka akili hiyo. Kuanzia 1947 walileta mpango wao wa Usukuma: punguza ng'ombe, lima matuta, ukikataa utozwe faini. Mwaka 1954 matawi ya TANU yakapigwa marufuku huku kwetu. Lakini amri zile zilishindwa, kwa kuwa mwenye ng'ombe hakuulizwa. Mwaka 1986 Serikali yetu ilianzisha mradi wa HASHI mkoani Shinyanga, na wakati huo Bariadi ilikuwa ndani ya mkoa huo. Wananchi waliulizwa, wakafufua ngitili zao. Zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia 2004 zilizidi 300,000.

Sasa limekuja jambo jingine. Kilima cha Wamangola, pale Dutwa, kina nikeli. Kwingineko vijana wetu wanachimba dhahabu. Hatuyakatai madini, ni mali ya Taifa. Lakini kilima chenye miti hushika mvua na kuitoa polepole. Kikinyolewa, maji hushuka kwa siku moja, yakaenda zake Ziwani, nasi tukabaki na mchanga. Zebaki ya dhahabu ikiingia mtoni, ng'ombe hana macho ya kuiona. Tena Novemba 2022, huko Mwadui, ukuta wa bwawa la tope la mgodi ulibomoka, tope likafika kwenye nyumba na mashamba ya majirani.

Tungoje yatufike? La! Leseni ya madini haitolewi na kijiji, hilo tulijue. Lakini ardhi ya kijiji ina wenyewe, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeupa Mkutano Mkuu wa Kijiji sauti. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo imekataza shughuli zenye kudhuru ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au lambo. Mita hizo zinamhusu mchimbaji. Zinamhusu pia mwenzetu anayeshusha ng'ombe mia mtoni mpaka kingo zinaporomoka. Tuanze kujirudi sisi.

Basi kila tawi likahimize kijiji chake. Wazee, akina mama wachota maji na vijana wachimbaji wapande kilima pamoja. Ngitili ipimwe, lambo litajwe, njia ya ng'ombe ionyeshwe. Yote yaandikwe katika muhtasari na kupigwa muhuri. Mwenye mgodi akija, akute karatasi mezani, asikute manung'uniko.

Uhuru na Kazi!