Nafasi ya Mlangoni: Silvesterklausen na Wageni Wake



Nimeombwa nizungumzie sherehe za majira katika milima ya Alpi. Maana ya mila na ya urithi wa utamaduni usioshikika sote tunaijua. Itoshe kukumbushana kwamba Uswisi iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa UNESCO wa 2003, na mwaka 2012 ikatoa orodha ya mila hai 167. Zipo sherehe za kufukuza baridi, zipo za kuteremsha ng'ombe kutoka malishoni. Hizo nazipita, kwani lililonileta ni moja.

Nalo ni Silvesterklausen, desturi ya jimbo la Appenzell Ausserrhoden, hasa kijiji cha Urnäsch. Hufanyika tarehe 31 Desemba, kisha tena 13 Januari. Papa Gregori wa 13 aliporekebisha kalenda mwaka 1582, Waprotestanti wa huko waliikataa, ndiyo maana tarehe 13 Januari bado wanauaga mwaka wa kale kwa hesabu ya Juliasi. Wenzetu wa Makunduchi, wenye Mwaka Kogwa wao, hawahitaji kuelezwa jinsi kijiji kinavyoweza kuwa na mwaka wake.

Makundi ni ya aina tatu: wazuri, wabaya, na wabaya-wazuri. Wazuri huvaa kofia kubwa zilizochongwa maisha ya shambani; wabaya hujifunika nyasi kavu na matawi, na vinyago vya kutisha. Kundi hufika mbele ya nyumba, hutikisa njuga na kengele, kisha hunyamaza na kuanza kuimba. Wimbo wao, Zäuerli, hauna maneno: sauti moja hutangulia, nyingine huipokea kwa chini. Mwenye nyumba husikiliza, hushikana mikono na kila mmoja, huwanywesha kwa mrija kwa kuwa kinyago hakivuliwi, na huwapa pesa.

Sasa tatizo. Desturi yote hii imesimama juu ya hatua chache kati ya kizingiti na waimbaji, na hatua hizo ndizo tunazozikalia sisi waongoza wageni. Januari moja, kwenye nyumba iliyo juu mlimani, bibi mmoja alifungua mlango akakuta migongo ya watu na simu zilizoinuliwa. Alikuwa na sinia la vinywaji. Wimbo aliusikia, lakini hakupata pa kupita. Waimbaji walipoondoka sinia lilikuwa bado mikononi mwake. Wageni wale niliwaleta mimi.

Tangu hapo nimeandika barua tatu kuhusu jambo hili kwa ofisi moja inayotangaza sherehe hii. Mbili hazikujibiwa, ya tatu ilijibiwa kwamba wageni huleta mapato. Sipingi mapato, wala sisemi kwamba ofisi hiyo haijali, maana ina majukumu mengi. Lakini miaka inakwenda, na kila Januari nakuta migongo ile ile. Mila hii haichezwi jukwaani. Asiyefikiwa na mwenye nyumba hajapokewa, hata akipigwa picha elfu.

Kwa hiyo napendekeza, kwanza, waongoza wageni tupunguze ukubwa wa misafara yetu. Pili, wageni waelezwe kabla ya safari, wala si wakishafika mlangoni, kwamba mbele ya nyumba ni pa mwenye nyumba. Tatu, wenyeji waulizwe ni nyumba zipi zinapenda kutazamwa, na zisizopenda ziachwe. Nne, ofisi zinazotangaza sherehe zitangaze pia adabu zake. Tano, anayetaka kuziona kofia kwa karibu apelekwe kwenye makumbusho ya mila pale pale Urnäsch, ambako hamzibii mtu njia. Sita, narudia kwa makusudi: misafara ipunguzwe.

Ndugu zangu tunaoongoza watu, utekelezaji wa haya hausubiri barua ya ofisi yoyote. Mkisikia njuga zinakuja, wasogezeni wageni wenu nyuma ya waimbaji, mlango ubaki wazi.