Mwenye Kutafuta Huinama (Dominika ya 24, Mwaka C)



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya leo, kutoka sura ya 15 ya Mtakatifu Luka, inatuletea mifano mitatu: kondoo aliyepotea, shilingi iliyopotea na mwana aliyepotea. Mara nyingi tunamkimbilia yule mwana, tukampita upesi yule mama aliyewasha taa na kufagia nyumba kwa ajili ya shilingi moja. Leo nawaalika tukae na mama huyo. Na ili tumwelewe vizuri zaidi, nitawasimulia juu ya watu wanaofanya kazi inayofanana na yake, ila wao hawafagii sakafu, bali mchanga wa ufukweni.

Katika nchi kama Uingereza, Marekani na Australia, wapo watu ambao alfajiri, kabla waogaji hawajafika, au jioni, wakiisha kuondoka, huenda kwenye fukwe za bahari na maziwa wakiwa na chombo cha kutambulia metali. Ni fimbo ndefu yenye duara la waya mwishoni. Umeme wa betri hupita katika waya huo na kuamsha nguvu za sumaku. Nguvu hizo zikifikia metali iliyofukiwa, metali nayo huamka na kujibu, na jibu lake humfikia mtafutaji masikioni kama mlio. Hapo huinama, huchota mchanga kwa kijiko kikubwa chenye matundu, huchekecha, kisha hutazama kilichobaki.

Kwa nini wanatafuta mahali pa kuogelea? Kwa sababu ndipo watu wanapopoteza vitu bila kujua. Maji ya baridi husinyaza vidole, mafuta ya kujipaka huviteleza, na pete iliyokuwa ikibana nyumbani huchomoka yenyewe majini. Kidani hukatika mtu akicheza na mawimbi. Sarafu hudondoka mfukoni. Mchanga hufunika, na mawimbi huzidi kuzamisha. Mwenyewe hushtuka akiwa amekwisha kufika nyumbani.

Ndugu zangu, je, sivyo tunavyopotea sisi? Ni wachache wanaoamka siku moja na kuazimia kumwacha Mungu. Moyo hupoa kidogo kidogo, sala huteleza, Misa ya Dominika hudondoka, na mtu hushtuka miaka mingi baadaye akiona kidole ki kitupu.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo penye fundisho. Vitu vingi vinavyolia chini ya mchanga si dhahabu. Ni misumari, vizibo vya chupa za soda, na vile vipete vya alumini vya makopo ya zamani, ambavyo watu walivichomoa na kuvitupa. Kwa hiyo vyombo vingi vimetengenezwa hivi kwamba mtafutaji aliyechoka kuinama bure anaweza kukiamuru chombo chake kisilie kikikuta takataka. Lakini kipete kile cha alumini na pete nyembamba ya dhahabu hutoa mlio unaokaribiana sana. Anayenyamazisha takataka hunyamazisha dhahabu pia. Atatembea ufuko mzima kwa raha, mgongo umenyooka, akipita juu ya pete ya arusi ya mtu bila kusikia chochote. Wazoefu wanalijua jambo hili, kwa hiyo huacha milio yote isikike, na huinama kwa kila mlio.

Wapendwa, Mafarisayo na waandishi walionung'unika kwa sababu Bwana wetu alikula pamoja na wenye dhambi walikuwa wamenyamazisha masikio yao. Walikwisha kuamua ni mlio wa nani unaostahili kusikilizwa. Lakini Mwana wa Mungu aliinama. Aliinama hata kwenye mchanga wetu, akazaliwa horini, akafa msalabani katikati ya wahalifu. Na somo la pili la leo linatuonyesha matokeo yake: Mtume Paulo anamweleza Timotheo kwamba yeye mwenyewe zamani alikuwa mtukanaji na mtesaji wa Kanisa. Mlio wake ulikuwa wa msumari wenye kutu. Kama Kristo angelipita bila kuinama, Kanisa lingalikosa mtume mkuu.

Hatusemi kwamba dhambi ni dhahabu. Somo la kwanza, kutoka kitabu cha Kutoka, latukumbusha wana wa Israeli walioyeyusha vipuli vya masikio yao wakajifanyia ndama. Dhahabu njema iliwekwa mahali pabaya, na Musa ilimpasa kuwaombea sana. Dhambi ni kweli, na uchafu ni uchafu. Lakini kumbukeni kuwa shilingi ya mama yule ilikuwa ya fedha. Pete ya fedha ikikaa miaka mingi katika maji ya bahari hugeuka nyeusi, hata mtu asiyejua huidhani ni kipande cha bati. Anayejua huisafisha polepole, na mng'ao wake hurudi. Weusi ule uliishika juu juu tu. Ndani ilibaki fedha. Ndivyo ilivyo sura ya Mungu ndani ya mwanadamu, na ndiyo kazi ya Sakramenti ya Kitubio.

Tena thamani haipotei kwa sababu hatuitambui. Mwaka 1944, askari mmoja wa Australia aliokota sarafu chache katika ufuko wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Alizitunza tu. Ni mwaka 1979, miaka 35 baadaye, zilipopelekwa kwa wataalamu, ndipo ilipojulikana kwamba tano kati yake zilikuwa sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, za pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Muda wote ule zilikuwa zile zile. Wapo vijana katika vigango vyetu ambao tumewaona kila siku kwa miaka mingi, wala hatujauliza wana nini.

Kuna jambo la pili tunaloweza kujifunza kwa watafutaji wale walio waungwana. Akiokota pete ya arusi yenye herufi za majina na tarehe zilizochorwa ndani, mtafutaji mwema haikimbizi sokoni. Huuliza, hutangaza, humtafuta mwenyewe mpaka ampate. Hapa kwetu pia, sheria za Tanzania na za Kenya humtaka anayevumbua kitu cha kale atoe taarifa, kwa maana ni urithi wa wote. Kuokota si kumiliki. Basi ninyi makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, mkimpata aliyepotea, kumbukeni kwamba amechorwa jina la mwenyewe tangu Ubatizo wake. Si wenu. Msimfanye mtumwa wa hisani yenu, wala msimkumbushe kila mkutano alikookotwa. Mrudisheni kwa Bwana wake, kisha furahini, kama mama yule alivyowaita rafiki na majirani.

Labda mtu atasema: Padre, mimi nimeinama mara nyingi na sikupata kitu. Nilimtembelea mlevi yule mara tano, akanifukuza. Nilimwita binti aliyezaa kabla ya ndoa arudi katika kwaya, hakuja. Nilimwandikia aliyefungwa jela, hakujibu. Ndugu yangu, usikate tamaa. Mtafutaji mwema wa ufukweni akipata msumari haurudishi mchangani. Huutia katika mfuko na kuondoka nao, na kesho mtoto atakayekimbia pale hatachomwa mguu. Hakuna kuinama kunakopotea bure. Ulipomwinamia yule mlevi, watoto wake walikuwa wakitazama.

Tena chombo hiki kina historia inayotufaa. Mwaka 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi, Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, alijaribu kuitafuta risasi mwilini mwake kwa chombo cha namna hii. Hakufaulu, na Rais alifariki mwezi Septemba mwaka ule. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, chombo alichobuni Mpolandi Józef Kosacki kilitumika kutafuta mabomu yaliyofukiwa ardhini, maisha ya askari wengi yakaokolewa. Kabla watu hawajakitumia kutafutia vito pwani, walikitumia ili mwanadamu asife. Naye Mungu anatutafuta si kwa sababu amepungukiwa na kitu, bali ili sisi tuwe na uzima.

Basi, wapendwa wasikilizaji, juma hili kila mmoja wetu amfikirie mtu mmoja tu. Katika kigango chako, katika mtaa wako, pengine chini ya paa lako, kuna jina ambalo moyo wako umelinyamazisha. Likitajwa, husikii mlio wowote. Umekwisha kuamua kwamba ni takataka. Chukua jina hilo mbele ya Mungu katika sala. Kisha nenda, ubishe hodi, uketi naye. Usianze na lawama. Anza na salamu.

Na wewe unayenisikiliza ukiwa umezama mbali, chini ya mchanga wa miaka mingi, ukidhani hakuna anayekukumbuka: mama yule hakuzima taa mpaka alipoiona shilingi yake. Mungu amekwisha kuinama. Jibu tu, hata kwa sauti ndogo.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.