Kuchagua Nyuga za Ziada katika Maulizo ya Hifadhidata: Mfano wa Mifumo ya Kodi za Nyumba Eastlands



Nawaomba tuanze na anwani za Eastlands, mashariki mwa Nairobi. Buruburu ilijengwa kwa awamu tano kuanzia 1973, kwa hiyo mkaazi wa huko akiulizwa anaishi wapi hutaja fezi na namba ya nyumba. Dandora, ambako Benki ya Dunia ilifadhili mradi wa viwanja kuanzia 1975, nako kuna fezi, lakini mtu hutaja pia ploti, kwa sababu kila mgawiwa alipewa kiwanja chenye choo na bafu, akajenga vyumba polepole na kuvipangisha. Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940, nyumba ni za serikali ya kaunti. Ukifika Pipeline kule Embakasi, mambo ya fezi yamekwisha: kuna jina la jengo, ghorofa na mlango, na mara nyingi mita ndogo ya maji au ya stima ambayo landilodi ameifunga mwenyewe.

Anayeandika mfumo mmoja wa kukusanya kodi utakaotumika mitaa hiyo yote anakutana na tatizo hili siku ya kwanza. Jedwali la wapangaji lina mambo ya kila mtu: jina, simu, kitambulisho, kodi, salio. Yaliyobaki hutegemea mtaa, hata ploti. Hayo ndiyo ninayoyaita nyuga za ziada. Kuzihifadhi si kugumu sana. Ugumu uko katika kuziuliza, na hapo ndipo mifumo yetu mingi huanza kuburura miguu.

Wengi wetu hatuandiki SQL kwa mkono. Tunatumia ORM, programu ya kati inayogeuza kila mstari wa jedwali kuwa kitu kimoja ndani ya lugha tunayoandikia. Django wanayo yake, Java wana Hibernate. Ukimwomba mpangaji, ORM hukuletea mpangaji mzima, pamoja na safu ambazo ukurasa wako hauzihitaji kabisa.

Mfano mkubwa wa nyuga za ziada tunao hapa nyumbani. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza 2004 katika ushirikiano wa mpango wa afya wa AMPATH, Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret na Taasisi ya Regenstrief ya Marekani. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vya afya vya serikali, imejengwa juu yake. Waanzilishi walijua kwamba maswali ya kliniki hayaishi: leo uzito, kesho idadi ya virusi, mwaka ujao jambo ambalo halijafikiriwa. Basi hawakuongeza safu kwa kila swali. Kila jibu likawa mstari wake katika jedwali la uchunguzi, ukionyesha mgonjwa, dhana iliyoulizwa na thamani yake, na thamani hiyo ina safu tofauti kwa namba, tarehe, maandishi au jibu la kuchagua. Muundo huo umebeba kliniki za nchi nyingi bila jedwali kubadilishwa kila mara. Lakini ukitaka orodha moja yenye majibu sita ya kila mgonjwa, itabidi uliunganishe jedwali lilelile mara sita. Kwa kazi ya hospitali gharama hiyo inastahili. Kwa ploti ya mtaa kama Kayole, naona ni mzigo wa bure.

Tuseme una wapangaji 400 na umeweka nyuga zao za ziada katika jedwali la pembeni kwa muundo huo. Ukurasa unaleta orodha ya wapangaji kwa ulizo moja, kisha kitanzi kinapita kwa kila mmoja kutafuta mita yake. Hayo ni maulizo 401. Kila moja likichukua milisekunde 5, keateka aliyesimama mlangoni na simu ya bei nafuu anangoja zaidi ya sekunde 2 kabla seva haijamjibu chochote. Kwenye kompyuta yako, ukiwa na wapangaji 10 wa majaribio, hutaona kitu.

Pendekezo langu ni hili. Chochote kinachogusa pesa au muda kiwe safu halisi: kodi, salio, tarehe ya kuingia. Hifadhidata inaweza kukilinda, kukijumlisha na kukataa tarehe isiyokuwepo. Mambo ya mtaa, kama fezi, ghorofa na namba ya mita, yawekwe katika safu moja ya JSON, tuiite ziada. PostgreSQL ina aina ya jsonb tangu toleo 9.4 la 2014, na Django inaweza kuchagua uga mmoja kutoka ndani yake:

Mpangaji.objects.filter(ploti=ploti).values("jina", "mlango", "salio", "ziada__mita")

Ulizo hilo ni moja, na kinachorudi ni vitu vinne tu kwa kila mpangaji. Asiye na mita hurudi na thamani tupu, hapotei kwenye orodha. Kumbukeni tu kwamba values huleta kamusi badala ya vitu kamili, hivyo kanuni yoyote uliyoiandika ndani ya modeli, mathalani ya kukokotoa malimbikizo, haitapatikana hapo. Ukiihitaji, tumia only, lakini kwa uangalifu: ukigusa uga ambao hukuuomba, Django itarudi kwenye hifadhidata kimyakimya kwa kila mstari, na yale maulizo 401 yatarejea.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua nyuga, na kwangu ndiyo nzito kuliko kasi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 25, inataka taarifa za mtu zitumike kwa kiasi kinachohitajika kwa kazi husika. Keateka anayesoma mita hahitaji namba ya kitambulisho cha mama wa mlango wa 14, wala ya simu ya mdhamini wake. Kuzificha kwenye ukurasa hakutoshi, kwa maana zimeshasafiri hadi kwenye simu yake, na anayejua kuangalia ataziona. Wapangaji wa Eastlands wameshatoa taarifa nyingi mno kwa watu wengi mno ili wapate chumba. Tusiwaongezee hatari kwa sababu ya uvivu wa kuandika majina manne ya nyuga.

Nimalizie na mtego ambao natamani kila kikundi kiujaribu katika kipindi cha mchana. JSON hutofautisha namba 3 na maandishi "3". Fomu ya Buruburu ikihifadhi fezi kama namba na ya Dandora ikaihifadhi kama maandishi, ulizo la fezi ya 3 litaleta mtaa mmoja na kuuacha mwingine, bila kosa lolote kuonekana kwenye skrini. Vilevile, milango iliyohifadhiwa kama maandishi hupangwa 10 kabla ya 9. Amueni aina ya kila uga wa ziada katika sehemu moja, na fomu zote ziisome hapo. Mkishasafisha data, wekeni faharasa ya GIN na mchuje kwa ziada__contains. Ukichuja kwa ziada__fezi moja kwa moja, PostgreSQL haitaitumia faharasa hiyo, itapitia jedwali zima. Washeni kumbukumbu ya SQL, fungueni ukurasa mmoja wa mfumo wenu, mhesabu maulizo, kisha mlete hesabu hiyo mezani tuijadili pamoja.