KURA YA UBUNGE HAIPOTEI: MANENO YA KATIBU KWENYE MKUTANO WA TAWI



Tunawatumia hapa yale tuliyoyasema Jumapili, maana wengi hamkufika (mvua tunaielewa) na waliofika waliondoka wakibishana.

Hoja iliyoletwa ni kwamba jimbo letu hatulipati, kwa hiyo tusihangaike na mgombea ubunge, fedha na nguvu zote ziende kwa diwani. Tunaiheshimu hoja hiyo. Mfuko wa tawi tunaushika sisi na tunajua kilichomo. Lakini hesabu yake imeruka mstari mmoja.

Bunge letu halijazwi na majimbo peke yake. Chukueni Bunge lililotokana na uchaguzi wa 2020. Majimbo yalikuwa 264, yaani 214 ya Bara na 50 ya Zanzibar. Viti maalumu vya wanawake vilikuwa 113. Ongezeni wajumbe 5 wa kutoka Baraza la Wawakilishi, nafasi 10 za uteuzi wa Rais, na Mwanasheria Mkuu anayeingia kwa wadhifa wake. Jumla 393. Mwaka 2025 Tume iliongeza majimbo 8, yakawa 272.

Sasa tazameni hiyo 113. Haigawanywi kwa kuhesabu majimbo ambayo chama kimeshinda. Ibara ya 78 ya Katiba inataka chama kipate angalau asilimia 5 ya kura zote halali za ubunge nchi nzima. Kikivuka hapo, kinapewa viti kwa uwiano wa kura zake. Kura za mgombea aliyeshindwa zimo humo! Chama chenye sehemu moja ya kumi ya kura za vyama vilivyovuka kingepata viti kama 11 katika hivyo 113, hata kama hakina jimbo hata moja. Chenye asilimia 4.9 hakipati kitu. Na jimbo tusiloweka mgombea linaingiza sifuri kwenye kapu hilo, hata kama wanachama wetu wote wamejitokeza kupiga kura.

Mama mmoja akauliza: viti hivyo vikipatikana, sisi wa tawini tutaonekana lini? Jumapili hatukumjibu vizuri. Ukweli ni kwamba orodha ya majina inapangwa na chama, mpiga kura haoni jina lolote kwenye karatasi. Wanaotembea nyumba kwa nyumba ni hawa mama zetu, halafu orodha ikitoka hawaijui hata ilikaa wapi. Kosa hilo ni letu sisi chama, tusiisingizie Katiba. Tumeandika barua kwenda wilayani kuomba vigezo vya kupanga majina vitangazwe mapema, na nakala itasomwa mkutano ujao. Wakikaa kimya, tutaandika tena.

Kuhusu fedha, tumekata gharama ya fulana. Zitakazobaki ni za nauli na chakula cha mawakala, kwa sababu kura isiyo na nakala ya fomu ya matokeo hatuna pa kuidai.

Wanaotaka uwakala walete majina na namba zao za kadi ya mpigakura kwa katibu kabla ya Ijumaa jioni. Wajumbe wa nyumba kumi, tafadhali wasomeeni wasio na simu.

Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Tawi